Doa la Mwanga Halibebi Barua

Kwa zaidi ya miaka kumi, kila nilipoanza kufundisha mada ya nuru, niliandika ubaoni sentensi ile ile: "Hakuna kitu kinachoweza kwenda kwa kasi kuliko nuru." Wanafunzi waliinakili, nami katika mitihani niliwapa alama walioikumbuka neno kwa neno. Sikuitilia shaka hadi siku tulipozima taa za maabara ili tuchunguze jinsi miali inavyopinda ndani ya kioo, na mwanafunzi mmoja akaichukua kalamu ya leza na kuanza kuichezesha darini. Doa jekundu lilikuwa likiruka kutoka kona hii hadi ile kwa yeye kupindisha kiganja tu. Nilikuwa karibu kumkemea aliponiwahi kwa swali: "Mwalimu, kama dari hii ingekuwa mbali kama mwezi, doa hili lingekwenda kwa kasi gani?"

Nilimwambia arudishe kalamu mezani akaketi. Usiku ule nilipiga hesabu, na baada ya kuipiga nilijua kwamba nilikuwa na deni kwake.

Mwezi uko umbali wa takribani kilometa 384,000 na kipenyo chake ni kilometa 3,474, kwa hiyo kwa mtazamaji aliye duniani unachukua kama nusu ya nyuzi moja ya anga. Mtu anayegeuza kiganja chake robo ya duara kwa sekunde moja, jambo ambalo hata mtoto analiweza, anauvuka upana huo kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Gawanya umbali kwa muda, na utapata kwamba doa limekimbia juu ya uso wa mwezi kwa karibu kilometa 600,000 kwa sekunde, yaani takribani mara mbili ya kasi ya nuru. (Ni kweli kwamba mwali wa kalamu ya kawaida ungefika huko ukiwa umetawanyika kwa upana wa mamia ya kilometa na kufifia kiasi cha kutoonekana na jicho lolote, lakini udhaifu wa kalamu haubadilishi hesabu.) Kijana alikuwa amevunja sentensi yangu kwa kifundo cha mkono.

Kosa halikuwa katika hesabu yake wala katika fizikia, bali katika neno nililokuwa nimelipitisha bila kulikagua, neno "kitu". Anayeshika mpira wa kumwagilia maji na kuupeperusha huku na huku huona mahali panapolowa pakihama ukutani kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini hakuna tone hata moja lililosafiri kwa kuufuata ukuta. Kila tone limetoka kwenye mdomo wa mpira na kwenda moja kwa moja hadi lilipogonga. Mwali wa leza ni vivyo hivyo. Chembe za nuru zilizogonga ukingo mmoja wa mwezi si zile zilizogonga ukingo wa pili, na kila moja imetumia sekunde 1.3 kutoka mkononi mwa kijana hadi huko, kwa kasi ile ile ya siku zote. Doa ni jina tu tulilolipa mfululizo wa mahali palipogongwa.

Tuwaweke watu wawili mwezini, mmoja katika kila ukingo, na tuseme yule wa kwanza, doa linapompitia, anataka kulitumia kumpasha mwenzake habari. Hana la kufanya. Hawezi kulipaka doa rangi, hawezi kulichelewesha, hawezi kulifunga barua mguuni kama njiwa. Akitandaza kiganja chake kulizuia, atakuwa amezizuia chembe zilizokuwa zikimjia yeye peke yake. Zile zinazomwendea mwenzake zimekwisha kutoka duniani na hazina habari naye. Chochote atakachojua yule wa pili kwa kulitazama doa kimetoka duniani, wala hakikupitia kwa jirani yake.

Lugha yenyewe imetutega kidogo hapa. Kivuli kimo katika ngeli moja na kiti, kisu na kitu chenyewe, na tunasema kivuli kimepita, kimerefuka, kimekimbia, kana kwamba kina miguu. Sarufi haina kosa, lakini kivuli kinachokimbia ukutani hakijatoka mahali kwenda mahali. Ni ukosefu wa nuru unaotokea hapa, kisha pale, kisha kule. Kivuli kinaweza kuizidi nuru kwa mara kumi au elfu, na hakuna sheria ya maumbile itakayovunjwa. Tangu siku ile, mtu akiniletea habari ya kitu kilichoipita nuru, humuuliza kwanza kinabeba nini.

Wapo wanaojibu kwa kuleta fimbo. Hoja yao ni nzuri, nami niliwahi kuiona haina jibu: tuchukue fimbo ya chuma ndefu ya kufika mwezini, tuisukume ncha ya huku, na ncha ya kule isogee papo hapo; ujumbe umefika bila kungoja zile sekunde 1.3. Lakini chuma si kitu kimoja kizima kama kinavyoonekana mkononi. Ni atomi zilizoshikana, na ya kwanza ikisukumwa humsukuma jirani yake, naye humsukuma wa mbele yake, na msukumo huo huenda kwa kasi ya sauti ndani ya chuma, yaani kama kilometa 5 kwa sekunde. Ncha ya mwezini ingesogea baada ya saa 21 hivi.

Sasa tuache madoa na fimbo, tuangalie kinachotokea kitu chenye tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, kinapoongezewa mwendo kwa nguvu. Mwaka 1964 mwanafizikia William Bertozzi, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alizirusha elektroni kwenye bomba lisilo na hewa na kupima muda zilioutumia kukata umbali wa meta 8.4. Kwa kanuni za Newton tulizosoma wengi wetu, nishati ikiongezwa mara nne, kasi huongezeka mara mbili, na mambo huendelea hivyo bila mwisho. Kwa kipimo cha juu kabisa cha nishati alichotumia, elektroni volti milioni 15 (elektroni volti ni kizio cha nishati ya chembe ndogo), kanuni hizo zingezipa elektroni kasi ya zaidi ya mara saba ya nuru. Hazikufika huko. Kwa kipimo cha chini zilikwenda kwa takribani asilimia 87 ya kasi ya nuru, na kwa nishati iliyozidi hiyo mara thelathini zilikuwa zimeikaribia kasi ya nuru kiasi kwamba vifaa vyake havikuweza kuonyesha tofauti.

Ninachokipenda zaidi katika jaribio hilo ni jambo dogo alilolifanya mwishoni mwa njia. Mtu mwenye shaka angeweza kusema kwamba labda nishati ile haikuziingia elektroni kabisa, kwamba ilipotea njiani na ndiyo maana hazikuongeza mwendo. Bertozzi aliweka kipande cha alumini mahali elektroni zinapogonga, akapima joto lake. Alumini ilipata joto kulingana na nishati yote iliyotolewa. Nishati ilikuwa imeziingia, imesafiri nazo na imefika. Ila haikuwa imegeuka kuwa mwendo kwa kiwango tulichozoea. Ukizidi kumsukuma mkimbiaji wa namna hiyo, anazidi kuwa mzito kusukumika, na kila hatua ya kuikaribia kasi ya nuru inadai nishati kubwa kuliko iliyoitangulia. Kuifikia kabisa kungedai nishati isiyo na kikomo. Protoni katika mashine kubwa ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hukimbia zikiwa zimepungukiwa na kasi ya nuru kwa kama meta 3 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, na pengo hilo dogo halijazibwa wala halitazibwa kwa kuongeza umeme.

Kasi yenyewe ni meta 299,792,458 kwa sekunde, bila desimali yoyote baada ya hapo. Wanafunzi hushangaa kwamba maumbile yametoa namba kamili, na inabidi niwaeleze kuwa ni sisi tulioamua: tangu mwaka 1983 urefu wa meta hufafanuliwa kwa kutumia kasi ya nuru, kwa hiyo anayepima upya kasi hiyo kwa uangalifu mkubwa zaidi anachosahihisha ni rula yake.

Neno la pili lililonisumbua ni "nuru". Nuru iliyo ndani ya maji huenda kwa takribani kilometa 225,000 kwa sekunde, robo nzima chini ya ile ya kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na kitu hata hewa, na hapo inapitwa bila shida. Elektroni zinazoruka kwa kasi ndani ya maji yanayozunguka kinu cha nyuklia huipita nuru ya humo, na matokeo yake ni mng'ao wa buluu unaofanana na mawimbi yenye umbo la kabari ambayo boti huyaacha nyuma inapoyashinda maji kwa mwendo. Pavel Cherenkov aliuchunguza mng'ao huo mwaka 1934, na mwaka 1958 yeye na wenzake wawili, Ilya Frank na Igor Tamm, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuugundua na kuueleza. Kwa hiyo ndiyo, nuru hupitwa, na tuna rangi ya kuthibitisha. Kisichopitwa ni kasi ya nuru katika ombwe.

Na hata kuiita "kasi ya nuru" ni ajali ya historia, kwa sababu nuru ndiyo iliyotangulia kupimwa. Kasi hiyo ni ya chochote kisicho na tungamo. Tarehe 17 Agosti 2017 vifaa vya duniani vilinasa mtikisiko wa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za neutroni, masalia mazito mno ya nyota zilizolipuka, zilizogongana, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ikanasa miali ya gama kutoka huko huko. Habari hizo mbili zilikuwa zimesafiri kwa takribani miaka milioni 130, moja kama mtikisiko wa nafasi yenyewe na nyingine kama nuru, zikafika mlangoni zikiwa zimepishana kwa muda wa kuvuta pumzi.

Lazima nikiri hapa kwamba swali la yule kijana lilikuwa limenitia wazimu kidogo, maana miezi michache baadaye, Septemba 2011, nilikuwa wa kwanza kubandika habari kubwa kwenye ubao wa matangazo wa maabara yetu. Wanasayansi wa jaribio liitwalo OPERA walikuwa wametangaza kwamba neutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizorushwa kutoka CERN na kupita ardhini hadi maabara iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilometa 730 hivi, zilifika mapema kuliko ambavyo nuru ingefika. Zilitangulia kwa sehemu 60 za bilioni ya sekunde. Muda huo ni mfupi kiasi cha kuchekesha, lakini kwa nuru ni kama meta 18, na wao walidai kupima umbali wote kwa usahihi wa sentimeta 20. Niliwaambia wanafunzi kwamba huenda tukalazimika kuifuta ile sentensi. Nilisema kwa furaha, na furaha ile ilitokana zaidi na aibu yangu ya zamani kuliko ushahidi.

Mwanafizikia yeyote aliyekuwa na kumbukumbu nzuri alikuwa na sababu ya kunywea. Februari 1987 nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, jirani ya galaksi yetu, umbali wa takribani miaka 168,000 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huukata kwa mwaka mmoja), na vifaa vya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti vilinasa neutrino kama ishirini na kitu kutoka katika mlipuko huo. Zilifika saa chache kabla ya mwanga wake, lakini si kwa sababu zilikwenda mbio zaidi: neutrino hupenya na kutoka katika kiini cha nyota mara tu kinapoporomoka, ilhali mwanga hungoja hadi wimbi la mlipuko lifike juu ya uso. Kama neutrino zingekuwa na kasi iliyotangazwa mwaka 2011, katika safari ndefu namna ile zingefika zaidi ya miaka minne kabla ya mwanga. Wapo waliosema neutrino za OPERA zilikuwa na nishati kubwa zaidi na kwamba huenda hiyo ndiyo tofauti, nami niliishikilia hoja hiyo kama mtu anayeshikilia tawi.

Miezi mitano baadaye chanzo kilianza kujulikana. Kiungio cha kebo ya nyuzi za kioo, iliyoleta majira kutoka kwa setilaiti hadi kwenye saa kuu ya jaribio, hakikuwa kimekazwa sawasawa, na nuru iliyopita ndani yake ilichelewa kusomwa; saa nayo ilikuwa na kosa lake dogo la upande mwingine. Kufikia Juni 2012 majaribio yote manne yaliyopima neutrino hizo huko Gran Sasso yalikuwa yamekubaliana kwamba kasi yake haitofautiani na ya nuru. Niliibandua ile karatasi yangu mwenyewe, wakati wa mapumziko, wanafunzi wakiwa nje. Hata hivyo sioni kwamba wale watafiti walifanya vibaya. Walikuwa wametafuta kosa kwa miezi, hawakuliona, wakayaweka matokeo hadharani na kuwaomba wenzao wayachunguze.

Nililokuwa sijalielewa wakati ule ni kwa nini wengi hawakuamini hata siku ya kwanza. Nilidhani ni heshima ya kupita kiasi kwa Einstein. Sababu halisi ni kubwa zaidi, na naona ndiyo kiini cha mada hii yote. Nadharia yake maalumu ya uhusianifu ya mwaka 1905 inasema kwamba watu wawili wanaopishana kwa mwendo hawakubaliani kuhusu ni matukio gani yaliyotokea kwa wakati mmoja. Kwa matukio ambayo nuru ingeweza kutoka katika moja na kuwahi jingine, mabishano hayo hayana madhara, kwa kuwa wote watakubaliana lipi lilitangulia hata kama watatofautiana kuhusu muda uliopita kati yake. Lakini kwa matukio yaliyotengana kiasi kwamba hata nuru haiwezi kuyaunganisha, hata mpangilio hubadilika: mimi naona la kwanza limetangulia, wewe unayepita kasi unaona la pili ndilo lililotangulia, na hakuna kati yetu aliyekosea.

Sasa chukua mshale unaoruka kwa mara mbili ya kasi ya nuru. Kwangu mimi niliyesimama, umeachiwa kutoka kwenye uta na baadaye umechoma shabaha, kama kawaida. Kwa msafiri anayekwenda upande ule ule kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru, hesabu za nadharia hiyo zinatoa jibu lisilo na utata: shabaha imechomwa kwanza, kisha uta ukaachiwa. Na kama msafiri huyo naye anao mshale wa aina hiyo, anaweza kujibu kwa namna ambayo jibu lake linanifikia kabla sijauliza. Ningeweza kupokea onyo la kutorusha mshale ambao kurushwa kwake ndiko kulikoleta onyo. Kwa hiyo anayedai ujumbe umeipita nuru hadai tu kwamba kuna mkimbiaji hodari. Anadai kwamba ama sababu inaweza kutanguliwa na matokeo yake, ama uhusianifu umekosea mahali ambapo umepimwa kwa zaidi ya miaka mia moja bila kukosea. Hilo ni dai zito kuliko kiungio kimoja cha kebo.

Hapa ndipo watu huniletea chembe zilizofungamana, na wana haki ya kuzileta. Chembe mbili zikizaliwa pamoja kwa namna fulani, kipimo cha moja huoana na kipimo cha nyingine hata zikiwa mbali mno, na tangu John Bell alipoandika hoja yake mwaka 1964, na majaribio yaliyowapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022, haiwezekani tena kusema kwamba chembe hizo zilikubaliana majibu mapema kama glavu mbili zilizofungwa katika masanduku tofauti. Kuna jambo la ajabu kweli hapo, nami sitaki kulipunguza. Lakini uliza kile kile nilichokwisha kuuliza: linabeba nini? Anayepima upande wa kwanza hachagui jibu atakalolipata. Hulipokea kwa bahati, na mwenzake wa mbali huona mfululizo wa majibu ya bahati vilevile. Kuoana kwake huonekana pale tu wanapokutana au kupigiana simu na kulinganisha madaftari, na simu hiyo huenda kwa kasi ya nuru au chini yake.

Galaksi za mbali ni habari nyingine, na hapa sentensi yangu ya zamani ilikuwa haina utetezi wowote. Nafasi kati ya galaksi inatanuka, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo umbali wake kutoka kwetu unavyoongezeka upesi. Kwa zile zilizo mbali zaidi ya takribani miaka bilioni 14 ya nuru, umbali huo huongezeka kwa kasi inayozidi ya nuru. Hakuna galaksi hata moja kati ya hizo inayoipita nuru iliyo jirani yake. Kila moja imetulia mahali pake kama alama iliyochorwa kwenye mpira unaovutwa, na kinachorefuka ni mpira. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre wa Meksiko alionyesha kwamba, kwa karatasi na kalamu, hesabu za Einstein zinaruhusu chombo kusafiri ndani ya kiputo cha nafasi kinachokunjwa mbele na kutanuliwa nyuma. Kiputo chake kinadai nishati hasi kwa wingi ambao hakuna anayejua pa kuupata, na kingefufua matatizo yote ya mshale wetu. Naipenda kama hesabu.

Sentensi ninayoiandika ubaoni siku hizi ni hii: "Hakuna tungamo, nishati wala habari inayoweza kutoka mahali pamoja na kufika pengine kabla ya nuru ambayo ingesafiri kati ya mahali hapo katika ombwe." Inachukua mistari miwili, na wanafunzi hulalamika kwamba ni ngumu kukariri. Kila mwaka yupo mmoja anayenyoosha mkono kuuliza kwa nini nimeiweka habari katika orodha moja na tungamo na nishati, ilhali habari haipimwi kwa mizani. Huwa simwambii aketi. Humpa kalamu ya leza, nikazima taa, nikamwomba ajaribu kunitumia jina lake kwa doa linalokimbia darini kutoka kona moja hadi nyingine, mwenzake mmoja akiwa amesimama chini ya kila kona.